Televisheni ya Picha Safi: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutoa Fedha

Mwaka jana, nyanya zilipokwisha kuuzwa, mjomba wangu alitoka hapa Mlali akaenda mjini Morogoro, akarudi na televisheni mpya ya inchi 32. Fedha ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mabati ya jiko. Mkaza mjomba hakupendezwa, walakini alinyamaza.

Siku ya nane nikaitwa. Nalimsalimu, “Shikamoo, mjomba,” akaitikia marahaba, kisha akanionyesha kiti. “Mwalimu,” akasema, maana akiwa na neno zito huniita hivyo, “muuzaji aliniambia kwamba hii ni HD, nitaona hata jasho la mchezaji. Mimi naona nyuso pana kama nyungo, na mpira siuoni kabisa.”

Nikatazama, nami nikaona kuwa asema kweli. Ndipo nilipoanza kuyachungua mambo haya, na sasa nawaandikia niliyoyapata, kwa kuwa najua nyumba nyingi zimekwisha kuwekeana fedha kwa neno hilohilo.

Picha ya televisheni ni nukta ndogo ndogo zilizopangwa kwa mistari. Picha ya kawaida tuliyoizoea ina mistari 576, na kila mstari una nukta 720. Jumla yake ni nukta 414,720. Picha safi ya daraja la kwanza ina nukta 1280 kwa 720, yaani 921,600. Ile iitwayo Full HD ina 1920 kwa 1080, nazo ni 2,073,600, mara tano ya ile ya kawaida. Faida yake ni dhahiri: maandishi madogo chini ya kioo husomeka, namba mgongoni mwa mchezaji huonekana, na mtoto anayefuata somo la sayansi huiona michoro bila kukaza macho. Jina lenyewe lisitupumbaze, lakini. Waingereza walipoanza matangazo yao ya BBC huko London mwezi wa Novemba 1936, picha ya mistari 405 ndiyo waliyoisifu kuwa safi mno!

Basi, kwa nini mjomba hakuona usafi huo? Kioo chake kilikuwa kizuri. Kosa lilikuwa nyuma yake. Fundi aliyefunga king'amuzi alitumia zile nyaya tatu za rangi, nyekundu, nyeupe na ya manjano. Ule wa manjano ndio uchukuao picha, nao hauwezi kupitisha zaidi ya picha ya kawaida, hata kioo kiwe cha thamani gani. Hapana budi kutumia waya mmoja mpana uitwao HDMI, na king'amuzi chenyewe kiwe cha HD. Tena hata hapo, stesheni ikirusha picha ya kawaida, utaona picha ya kawaida. Kioo hakiwezi kuumba nukta ambazo hazikuletwa. Na zile nyuso pana? Picha ya mtindo wa zamani, ambayo ni karibu mraba, ilikuwa imevutwa ili kujaza kioo kirefu. Jambo hilo hutengenezwa kwa rimoti, bila senti.

Muuzaji mwingine atakuonyesha maandishi “1080” juu ya sanduku. Mwulize: je, hizo ni nukta za kioo chenyewe, ama ni picha ambayo televisheni yaweza kuipokea tu? Vioo vingi vya inchi 32 vina nukta 1366 kwa 768, navyo huipokea picha ya 1080 na kuipunguza. Si udanganyifu ukiambiwa mapema. Ni udanganyifu ukilipishwa bei ya kile kikubwa. Walakini, pima na chumba chako. Kioo cha inchi 32 (hupimwa toka pembe hata pembe ya pili) kina kimo cha sentimita 40 hivi. Mtu mwenye macho mazima akikaa mbali kupita mita mbili, hawezi kutofautisha 720 na 1080. Kama viti vyako viko mita tatu, ya nini kulipia zaidi?

Wako pia wanaodhani televisheni ya kale ya mgongo haifai tena tangu mitambo ya zamani ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Sivyo; yafanya kazi ikiungwa na king'amuzi.

Sisi tukaao chini ya Uluguru tunalo neno letu wenyewe. Mawimbi yatokayo mnarani hukatishwa na milima. Zamani yakidhoofika tuliona chenga, na sauti ikaendelea. Siku hizi picha hukatika vipande vya mraba, ikasimama, kisha ikapotea kabisa. Kwa hiyo uliza jirani wa upande wako wa bonde anapata nini, kabla ya kuchagua antena ama dishi. Dishi hutazama setilaiti iliyo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 36,000 hivi, na mara nyingi huushinda mlima.

Dukani taka iwashwe mbele yako, tena si kwa ile picha ya maua waliyoiweka wao, bali kwa king'amuzi na mpira. Soma wati zilizoandikwa nyuma, hasa kama umeme wako ni wa jua. Chukua risiti na hati ya dhamana, na ununue kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka. Wakati wa radi, chomoa nyaya zote, pamoja na ule wa dishi.

Nalinunua waya wa HDMI, nikaufunga. Jioni ile mjomba alisoma namba za migongoni kwa sauti, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mkaza mjomba akaja toka jikoni, akasimama mlangoni, akatazama kitambo. Kisha akauliza waya ule umenunuliwa kwa kiasi gani. Nikamwambia. Akamtazama mumewe, akarudi jikoni, na mvua ilikuwa imeanza kunyesha.