Kichocho, pampu ya pumu na jezi ya njano: tuhuma dhidi ya Froome zina uzito gani?

Kijana wa Tinde anayekanyaga pedeli akiwa na gunia la mpunga nyuma, kutoka majarubani hadi njia panda ya Nzega na Kahama, anaweza kuwa na mambo mawili ambayo Chris Froome naye aliwahi kuwa nayo: minyoo ya kichocho ndani ya damu na pampu ya pumu mfukoni. Froome ameshinda Tour de France mara 4. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyobeba shaka kubwa kuliko zote dhidi yake. Kwa kuwa sisi wa Kanda ya Ziwa tunaishi nayo, tuna sababu ya kuzipima shaka hizo kwa makini kuliko walivyofanya mashabiki wengi wa Ulaya, ambao habari za kichocho walizisikia kwanza kwake.

Alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Aliyemfundisha mbio ni David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, aliyemkaribisha miongoni mwa vijana wake katika kijiji cha Mai-a-Ihii, Kikuyu. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne, na 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Kwa miaka kadhaa alikuwa mwendeshaji wa kawaida tu miongoni mwa wanaolipwa. Kisha, mwaka 2011, mkataba wake na timu ya Sky ukielekea ukingoni, akashika nafasi ya pili kwenye Vuelta, mbio za wiki 3 za Hispania, sekunde 13 tu nyuma ya mshindi. Mwaka 2013 alivaa jezi ya njano ya mshindi wa Tour mjini Paris. Akaivaa tena 2015, 2016 na 2017.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa tuhuma. Mwaka 2015, katika hatua ya kuelekea Mende, mtazamaji alimmwagia kitu ambacho Froome alisema hakuwa na shaka ni mkojo, huku akimpigia kelele kwamba anatumia dawa. Kitendo hicho kilikuwa cha aibu, lakini hasira ya mashabiki ilikuwa na chanzo. Oktoba 2012 wakala wa Marekani wa kupambana na dawa michezoni ulikuwa umeweka hadharani ushahidi wa watu 26 dhidi ya mwendesha baiskeli Lance Armstrong, 11 kati yao wakiwa wenzake wa timu, na mataji yake 7 ya Tour yakafutwa. Kwa miaka mingi Armstrong alijitetea kwamba amepimwa mara nyingi mno bila kukutwa na kosa. Basi kukutwa safi kwenye vipimo hakutoshi kumsafisha mtu. Upande wa pili, ile kauli yetu kwamba lisemwalo lipo haina nafasi maabara. Kila tuhuma ilete ushahidi wake, na kila ushahidi uulizwe unaweza kuthibitisha nini na hauwezi kuthibitisha nini.

Tuanze na kichocho. Froome alieleza kwamba aligundulika na ugonjwa huo mwaka 2010 na akatibiwa kwa prazikwanteli, dawa ile ile wanayopewa watoto wa shule zetu. Wengi walicheka, wakaona ni kisingizio cha mtu aliyebadilika ghafla.

Mtu wa Shinyanga hana sababu ya kucheka. Kiluwiluwi cha kichocho hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya aliyesimama jarubani au lamboni, na hukomaa kuwa mnyoo unaokaa ndani ya mishipa ya damu kwa miaka. Minyoo hiyo hula chembe nyekundu za damu. Mayai yake hutoboa kibofu au utumbo, na damu nyingine hupotelea huko. Vijijini kwetu wapo wavulana waliokua wakiona mkojo mwekundu kama jambo la kawaida la umri wao. Ni ugonjwa unaoruhusu mtoto aende shule, acheze mpira na achunge ng'ombe, huku ukimpunguzia damu, umakini na pumzi kidogo kidogo. Kwa hiyo hoja kwamba mgonjwa wa kichocho asingeweza kuendesha baiskeli kwa mshahara haina nguvu. Anaweza, ila chini ya uwezo wake.

Ugumu unaanzia hapa. Oksijeni inayofika kwenye misuli ya mwendesha baiskeli hubebwa na hemoglobini iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Mdanganyifu anayejidunga EPO, homoni ambayo kwa kawaida hutengenezwa na figo, huongeza chembe hizo kuliko mwili wake ulivyokusudia. Mgonjwa anayetibiwa kichocho naye huongezeka chembe nyekundu, ila huyu anarudishiwa alizonyang'anywa. Ukiwatazama kwa nje tu, mlimani, wote wawili wanaonekana wamepata nguvu mpya. Ndiyo maana maelezo ya Froome yanakubalika kitabibu na wakati huo huo ni mazuri mno kwa anayetaka kujificha nyuma yake.

Damu yenyewe, ikifuatiliwa kwa muda mrefu, inaweza kuwatenganisha. Tangu 2008 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, linatunza pasipoti ya kibaolojia ya kila mwendeshaji: hemoglobini yake, na asilimia ya chembe nyekundu changa zinazotoka kwenye uboho. Anayetumia EPO, chembe changa huongezeka, kisha akiacha dawa huporomoka huku hemoglobini ikiwa bado juu, kwa sababu uboho umeona damu imezidi na umepunguza kazi. Aliyepona ugonjwa hupanda taratibu hadi kiwango chake na kutulia hapo. Froome hakuwahi kushtakiwa kwa pasipoti hiyo. Juan José Cobo, aliyemshinda kwenye Vuelta ile ya 2011, ndiye aliyenaswa nayo. Mwaka 2019 ushindi wa Cobo ulifutwa na Froome akatangazwa mshindi, miaka 8 baada ya mbio.

Lakini kutibiwa kichocho hakumpi mtu kipaji. Dawa ya minyoo hurudisha kilichokuwapo, basi. Swali la haki ni je, kilikuwapo?

Desemba 2015 Froome aliweka hadharani vipimo viwili. Cha kwanza, kilichopatikana kupitia nakala ya faksi, kilifanyika Lausanne mwaka 2007, kabla hajaingia timu yoyote kubwa. Alikuwa na kilo 75.6, injini yake ilivuta mililita 80.2 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, na nguvu aliyoweza kuihimili kwa muda mrefu ilikuwa wati 420. Cha pili kilifanyika maabara ya Uingereza baada ya Tour ya 2015: kilo 69.9, oksijeni mililita 84.6, nguvu ya kuhimili wati 419.

Wati 420 na wati 419. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni karibu kilo 6 za mwili, na mlimani kila kilo hulipiwa. Gawanya mwenyewe: mwaka 2007 alikuwa na wati 5.6 kwa kila kilo, mwaka 2015 akawa na 6.0. Hiyo ndiyo tofauti ya anayeachwa kwenye mlima wa mwisho na anayewaacha wenzake. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote upande wa Froome, mzito kuliko kichocho chenyewe, kwa sababu unaonyesha kwamba uwezo ulikuwapo alipokuwa bado kijana anayekimbia na leseni ya Kenya. Una mapungufu yake. Vipimo viwili vilivyoachana kwa miaka 8 haviwezi kueleza yaliyotokea katikati. Hata takwimu za nguvu ambazo timu ilimkabidhi mtaalamu wa Ufaransa, Fred Grappe, mwaka 2013, naye akasema haoni jambo lisilo la kawaida, zilianzia Vuelta ya 2011. Kipindi kilichohitaji mwanga zaidi ndicho kilichobaki gizani, na lawama hiyo ni ya timu.

Sasa pampu. Tarehe 7 Septemba 2017, baada ya hatua ya 18 ya Vuelta aliyokuwa akiiongoza, mkojo wa Froome ulikutwa na salbutamoli nanogramu 2,000 kwa mililita. Kikomo ni 1,000. Magazeti ya The Guardian na Le Monde yalitoa habari hiyo Desemba, na dunia ikahesabu kwamba amezidisha mara mbili, kwa hiyo ni mwizi.

Salbutamoli ni dawa iliyomo kwenye ile pampu ya buluu ambayo wengi tunaiita Ventolin. Hulegeza misuli inayozunguka njia za hewa. Ikivutwa kwa kipimo cha tiba haimpi mwanariadha nguvu yoyote ya maana, na ndiyo maana inaruhusiwa. Ikimezwa kwa wingi, au kudungwa, husambaa mwilini na inaweza kusaidia misuli. Kwa sababu hiyo sheria inaweka mpaka kwenye kiasi cha kuvuta: wakati ule mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 800 ndani ya saa 12.

Tazama tatizo lilipo. Sheria inahusu kilichoingia kupitia mdomoni, lakini kipimo kinasoma kilichotoka kwenye mkojo. Kati ya hayo mawili kuna ini, figo, kibofu, jasho la saa 5 juani na kiasi cha maji aliyokunywa mtu. Kijiko kile kile cha sukari kwenye kikombe kilichojaa na kwenye nusu kikombe hakitoi utamu sawa. Mkojo wa Froome siku hiyo ulikuwa mzito, na uliporekebishwa kwa uzito wake namba ikashuka hadi 1,429, dhidi ya kiwango cha maamuzi cha 1,200, yaani kikomo pamoja na nafasi ya kosa la kipimo. Bado ilikuwa juu, lakini si mara mbili. Alikuwa pia mgonjwa, ameongeza mivuto kwa ushauri wa daktari wa timu, na amekuwa akiitumia dawa hiyo kwa wiki kadhaa mfululizo.

Kwa kawaida mtuhumiwa hupelekwa maabara, apewe kipimo kilichoruhusiwa, mkojo wake upimwe. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilikubali kwamba kwa Froome jaribio hilo lisingefaa, kwani huwezi kuumba upya ugonjwa, uchovu na wiki 3 za mbio ndani ya chumba cha hospitali. Tarehe 2 Julai 2018 UCI ilifunga shauri. Hakuwa na hatia.

Naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa ushahidi uliokuwapo. Mtu anayejua kwamba kiongozi wa mbio hupimwa kila siku hana faida ya kumeza vidonge vya pumu jioni moja. Kinachoniuma ni jinsi ulivyofikiwa. Hoja kamili za kisayansi hazikuchapishwa. Kabla yake, Waitaliano Alessandro Petacchi na Diego Ulissi walizidi kikomo cha dawa hiyo hiyo. Petacchi alifungiwa mwaka 2008 ingawa majaji walikubali hakukusudia kudanganya, na Ulissi alipewa miezi 9 kwa kosa la 2014. Ikiwa kipimo kinaweza kumkosea Froome, kiliweza kuwakosea wao, na wao hawakuwa na timu tajiri ya kuajiri wanasheria na wanasayansi kwa miezi 9. Fikiria kijana wa Shinyanga akiwa mahali pao.

Yako mengine mepesi zaidi. Wadukuzi walipovujisha nyaraka za WADA mwaka 2016, ilionekana Froome alipata vibali vya kutumia prednisoloni, dawa ya steroidi, mwaka 2013 na 2014. Ni vibali halali, ila nakubaliana na wanaosema mtu anayehitaji dawa kali kama hiyo angepumzika badala ya kushindana. Kisha kuna daktari wa zamani wa timu ya Sky, Richard Freeman, aliyefutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza mwaka 2021 kwa sababu ya jeli ya testosteroni iliyoagizwa 2011. Baraza lililomsikiliza halikumtaja Froome. Hiyo ni shaka juu ya nyumba aliyoishi, na nyumba hiyo imechafuka kweli, lakini huwezi kumhukumu mpangaji kwa uchafu wa nyumba pekee.

Kwa jumla ya yaliyo hadharani, kosa halijathibitishwa, na ushahidi uliodhaniwa kuwa mkali kuliko wote, wa salbutamoli, ndio uliokuwa dhaifu zaidi.

Kwa wanaoendesha mbio Kanda ya Ziwa na kuota kufika mbali, kanuni za dawa hii zijulikane mapema. Pampu inaruhusiwa, lakini sasa mpaka ni mikrogramu 1,600 kwa saa 24, bila kuzidi 600 ndani ya saa 8, na mvuto mmoja wa pampu ya kawaida ni mikrogramu 100. Vidonge na sharubati ya salbutamoli, vinavyouzwa kwa bei nafuu kwenye maduka ya dawa, ni marufuku kabisa bila kibali, hata kidonge kimoja. Kwa wasioshindana pia, anayehitaji pampu ya buluu kila siku pumu yake haijadhibitiwa, na anahitaji dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Na kwa wanaofanya kazi kwenye makarasha na maduara ya Geita na Kahama, kikohozi kisichoisha kisitulizwe kwa pampu ya kuazima. Vumbi la mwamba huleta silikosisi na hufungua mlango wa kifua kikuu, na makohozi hupimwa bure kwenye vituo vya serikali.