Je, Wajua? Klabu Inauza Kitu Alichokitengeneza Shabiki

Je, wajua kuwa mwaka 2012 klabu mbili zisizojuana ziliingia kwenye mgogoro wa rangi moja, nyekundu? Dar es Salaam, Yanga iligoma kuvaa nembo ya mdhamini wa ligi, Vodacom, kwa kuwa ilikuwa na wekundu, na wekundu ni wa mtani wa Msimbazi, Simba. Ligi ilibeba jina la mdhamini na fedha zilikuwa zake, lakini ilibidi nembo igeuzwe nyeusi ndipo ikae kwenye jezi ya Wananchi. Mwaka huohuo huko Wales, tajiri wa Malaysia, Vincent Tan, aliivua Cardiff City bluu iliyovaliwa tangu 1908 akaivisha nyekundu, akitarajia soko la Asia. Ndege wa bluu aliyekuwa alama ya klabu akawekwa mdogo chini ya joka.

Je, wajua kuwa Cardiff walipanda Ligi Kuu ya Uingereza wakiwa na jezi hiyohiyo nyekundu? Walikuwa mabingwa wa daraja la pili msimu wa 2012/13. Kwa anayeamini shabiki hutaka ushindi tu, kilio kilipaswa kuishia hapo. Hakikuisha. Watu waliendelea kwenda uwanjani na skafu zao za bluu, na Januari 2015 Tan akasalimu amri, bluu ikarudi. Wanaowaita mashabiki bendera fuata upepo wangeanza kwa kuisoma habari hii.

Je, wajua kuwa tangazo la kwanza kwenye jezi ya klabu ya Uingereza lilikuwa la matairi? Januari 1976, Kettering Town, timu ya madaraja ya chini, iliingia uwanjani na maandishi ya Kettering Tyres kifuani. Chama cha soka, FA, kikaamuru yaondolewe. Klabu ikafuta herufi nne za mwisho, ikabakiza "Kettering T", ikadai T hiyo ni ya Town. FA ikatishia faini ya pauni 1,000. Mwaka uliofuata chama hichohicho kikaruhusu matangazo, na vifua vya wachezaji havijakaa vitupu tena.

Je, wajua kuwa Ujerumani ilitangulia? Mwaka 1973 wanachama wa Eintracht Braunschweig walipiga kura wenyewe kumwondoa simba kwenye nembo ya klabu yao na kuweka kichwa cha kulungu wa pombe ya Jägermeister, ili kukwepa katazo la matangazo. Nalitaja hili kwa sababu ni kweli na linauma: kura ya mwanachama inaweza kulinda, na inaweza kuuza.

Je, wajua kuwa Barcelona, klabu iliyoanzishwa 1899, iliwahi kulipa ili kuvaa maandishi ya wengine? Mwaka 2006 iliweka jina la Unicef kifuani na kuchangia shirika hilo euro milioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia 2011 kulikuwa na mkataba wa Qatar. Mwaka 2022 uwanja wenyewe ukawa Spotify Camp Nou. Hatua tatu ndani ya miaka 16.

Je, wajua kuwa jina nalo huwindwa? Mmiliki wa Hull City, Assem Allam, alitaka klabu iitwe Hull Tigers, akiamini neno City ni la kawaida mno sokoni. Mashabiki waliungana kupinga, na mwaka 2014 FA ikakataa. Newcastle United walikuta uwanja wao wa St James' Park umebandikwa jina la duka la vifaa vya michezo mwaka 2011. Mwaka uliofuata mdhamini mwingine akanunua haki hiyo ya jina na kurudisha la zamani, kwa kuwa alijua hakuna zawadi ambayo watu wa pale wangeipenda zaidi.

Je, wajua kuwa huko Salzburg, Austria, rangi ya zambarau ilifutwa? Mwaka 2005 Red Bull waliinunua klabu wakaleta nyekundu na nyeupe. Waliokataa walianzisha yao, SV Austria Salzburg, wakaanzia daraja la chini kabisa na zambarau yao.

Hapa ngoja nitue kidogo, maana kisa cha Wimbledon hakisimuliwi kwa sentensi moja. Klabu hii ya kusini mwa London ilitwaa Kombe la FA mwaka 1988 kwa kuifunga Liverpool 1-0. Tarehe 28 Mei 2002, jopo la watu watatu lililoteuliwa na FA likaamua, wawili kwa mmoja, kwamba wamiliki wanaweza kuihamishia Milton Keynes, mji ulio karibu kilomita 90 kaskazini. Fikiria umeamka asubuhi unaambiwa timu yako imehamia mkoa mwingine na wewe ukitaka panda basi. Mashabiki hawakupanda. Kabla mwezi wa sita haujaisha waliita majaribio ya wachezaji kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, wakajitokeza vijana zaidi ya 200. Julai hiyohiyo AFC Wimbledon ikacheza mechi yake ya kwanza ya kirafiki, ikafungwa 4-0, mbele ya watu zaidi ya 4,600. Walianzia daraja la tisa.

Je, wajua kuwa miaka tisa baadaye, mwaka 2011, walikuwa wameshapanda mara tano na kuingia ligi ya kulipwa? Kwamba mwaka 2007 klabu ya Milton Keynes ilikabidhi kumbukumbu za mataji ya zamani kwa halmashauri ya Merton, nyumbani kwa Wimbledon? Na kwamba Novemba 2020 AFC Wimbledon walirudi mtaa wa Plough Lane, kwenye uwanja mpya ambao mashabiki waliuchangia kwa mamilioni ya pauni? Leseni, wachezaji na hata kombe vinaweza kuhamishwa kwa gari. Nyimbo, ugomvi na majirani na kumbukumbu ya babu aliyekuleta uwanjani vilibaki pale vilipokuwa.

Je, wajua kuwa dakika moja ya mechi iliwahi kushusha bei? Februari 2016 Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77 katika jukwaa jipya. Tarehe 6, wakicheza na Sunderland, ilipofika dakika ya 77 maelfu ya watu walisimama wakatoka. Timu ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi, tiketi ya 77 ikafutwa na bei ya juu ikabaki pauni 59. Klabu zote za Ligi Kuu zikakubaliana kwamba kuanzia msimu uliofuata shabiki mgeni asitozwe zaidi ya pauni 30. Waliotoka walikuwa wameshalipa kiingilio chao.

Je, wajua kuwa shabiki aliyezaliwa karibu na uwanja alipewa jina kama la samani ya kale? Klabu 12 za Ulaya zilipotangaza ligi yao wenyewe, Super League, tarehe 18 Aprili 2021, iliripotiwa kwamba waliopanga jambo hilo waliwaita watu hao "mashabiki wa urithi", tofauti na "mashabiki wa baadaye" waliokuwa wakiwalenga. Mashabiki wa urithi wakafunga barabara nje ya Stamford Bridge. Kufikia usiku wa tarehe 20, klabu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimejitoa au zinajiandaa kujitoa. Tarehe 2 Mei wale wa Manchester United wakaingia hadi katikati ya Old Trafford, mechi na Liverpool ikaahirishwa.

Je, wajua kuwa hasira ya United ilikuwa na umri wa miaka 16? Familia ya Glazer iliinunua klabu mwaka 2005 kwa mikopo ambayo sehemu kubwa iliangukia mabegani mwa klabu yenyewe. Wengine waliondoka mwaka huohuo wakaunda FC United of Manchester. Waliobaki, mwaka 2010, walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya 1902. David Beckham, akiwa AC Milan, aliokota moja akaivaa shingoni alipokuwa akitoka uwanjani Old Trafford. Skafu ile haikuuzwa na duka la klabu. Wauzaji wa barabarani ndio walioifanyia biashara.

Je, wajua kuwa Ujerumani wana kanuni ya hesabu fupi, 50+1? Tangu 1998 klabu ikigeuzwa kampuni, wanachama hubaki na zaidi ya nusu ya kura. Ina mianya: Leverkusen na Wolfsburg ziliruhusiwa kuwa chini ya viwanda vilivyozilea, na RB Leipzig, iliyoanzishwa 2009 kwa kuchukua nafasi ya timu ya daraja la tano, ina wanachama wachache mno wenye kura. Jina la kinywaji, Red Bull, haliruhusiwi, basi RB ikaitwa RasenBallsport, yaani mchezo wa mpira wa nyasini. Hata hivyo kanuni imeshika. Ligi ilipotaka kumuuzia mwekezaji asilimia 8 ya mapato ya televisheni kwa miaka 20, majukwaa yalirusha mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti hadi mechi zikasimama. Februari 2024 mpango ukaachwa.

Je, wajua kuwa kuna mashabiki waliouza damu kwa ajili ya klabu, na hili halina fumbo lolote? Mwaka 2004 wapenzi wa Union Berlin walikwenda kuchangia damu na malipo yao wakayapeleka klabuni ili isifilisike. Mwaka 2008 uwanja ulipochakaa, zaidi ya watu 2,000 walichukua koleo na toroli wakaujenga upya kwa mikono yao, saa takriban 140,000 za kazi ya bure. Agosti 2019 Union ilicheza mechi yake ya kwanza katika daraja la juu, na mpinzani alikuwa Leipzig. Siku hiyo mashabiki waliingia wamebeba picha zaidi ya 400 za wazazi, ndugu na marafiki waliofariki kabla ya kuiona siku ile. Kisha wakakaa kimya dakika 15, kumpinga mgeni wao. Walifungwa 4-0. Sijui mdhamini anayeweza kununua dakika zile 15.

Je, wajua kuwa siku hizi "kura" nayo huuzwa? Klabu kadhaa kubwa zimetoa tokeni za kidijitali: unanunua, unapiga kura kuchagua wimbo wa goli au mchoro wa ukutani kwenye chumba cha wachezaji. Bei ya kiingilio haimo kwenye kura hizo, wala anayemiliki klabu. Desemba 2021 mamlaka ya matangazo Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya tokeni za Arsenal kwa kutoeleza wazi hatari ya kupoteza fedha.

Na kwetu? Shabiki wa kibanda umiza anayelipa kuiona Arsenal, je, anajua kuwa mwaka 2018 bega la jezi ile lilianza kubeba tangazo la utalii wa Rwanda, mkataba ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 10 hivi kwa mwaka?

Je, wajua kuwa Wayne Rooney alifunga goli lake la kwanza baada ya kurudi Everton akiwa Dar es Salaam? Ilikuwa Julai 2017, dhidi ya Gor Mahia, Everton wakashinda 2-1. Mechi iliandaliwa na SportPesa, kampuni ya kubeti iliyokuwa kifuani mwa Everton, Gor Mahia, AFC Leopards, Simba na Yanga kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye kampuni iligombana na serikali ya Kenya kuhusu kodi na leseni, ikafuta udhamini wake wote nchini humo. Mashabiki wa Gor Mahia waliendelea kuja uwanjani. Mdhamini alikuwa na mlango wa kutokea, wao hawana.

Je, wajua kuwa Simba iliitwa Sunderland hadi 1971, jina la klabu ya Uingereza, kabla ya kuchukua la Kiswahili? Kwamba Simba Day ilianza 2009, na Wiki ya Mwananchi ya Yanga ikafuata 2019? Sherehe hizo ni nzuri, mimi nazipenda. Lakini zitazame vizuri: ngoma, vijembe na tambo vilizaliwa kwenye matawi na vijiwe vya Kariakoo miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuvikatia tiketi.

Na hili ndilo nililokuwa nikilielekea tangu mwanzo. Mwaka 2017 wanachama wa Simba walipitisha mfumo wa hisa: mwekezaji Mohammed Dewji asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, wanachama 51. Juni 2021 wa Yanga nao wakapitisha mabadiliko yao. Asilimia 51 ni ndugu wa ile 50+1 ya Wajerumani, lakini hulinda tu pale mwenye kadi anapoitumia. Kama una kadi ya uanachama iliyo hai, nenda tawini kwako uombe nakala ya katiba. Soma kifungu cha rangi, cha jina na cha hisa. Kisha mkutano mkuu ukiitishwa, nenda, na usinyooshe mkono kabla hujaelewa unachokipitisha.