Mwani wa Mama, Nyumba ya Nani?

Maji yakupwapo huko Micheweni, kaskazini mwa Pemba, utawaona akina mama wakishuka pwani na kamba na vijiti kwenda kupanda mwani. Zao hilo lilianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, nalo limewatia fedha mkononi.

Fedha hizo ni za nani? Uislamu, ambayo ndiyo dini ya takriban wakazi wote wa huko, hauna kigugumizi: mali ya mke ni yake mwenyewe; chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume. Lakini tusidanganyane. Fedha ya mwani hununua bati na saruji, na kiwanja ni cha baba. Talaka ikitoka, mama huondoka na mkeka wake.

Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa na mume na mke kwa pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Sheria hiyo haitumiki Visiwani, ambako ndoa za Waislamu huamuliwa na Kadhi. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 inamruhusu kugawa mali ya wanandoa, ila mchango uthibitishwe.

Je, dada yako aliyeko Micheweni ameitunza risiti ya saruji?