Raha ya Mmoja, Gharama ya Nyumba Nzima

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya mgeni aliyeingia katika nyumba nyingi bila hata kupiga hodi. Mgeni huyo ni pikipiki.

Kwetu Himo, chini ya mlima Kilimanjaro, aliingia miaka sita iliyopita. Baba watoto ni fundi wa umeme wa majumbani, na kazi zake nyingi ziko huko juu, Marangu, Mamba na Mwika. Zamani alisubiri gari lijae, akafika kwa mteja saa nne, na jioni akarudi watoto wamelala. Pikipiki ilipokuja, tulianza kula naye chakula cha jioni. Kwa hiyo hatuandiki habari hii kama maadui wa pikipiki. Tunaandika kama watu wa nyumba iliyoipenda, ikaumizwa nayo, kisha ikalazimika kukaa chini na kupima.

Tusidanganyane, ni raha

Mama yeyote aliyewahi kupakiwa na mume wake asubuhi ya Jumamosi, barabara ya kwenda Marangu, anajua tunachosema. Hewa inazidi kuwa baridi kadiri mnavyopanda. Unasikia harufu ya migomba iliyolowa umande na moshi wa majiko ya asubuhi. Ukibahatika, mawingu yanafunguka na Kibo inaonekana nyeupe mbele yako. Ndani ya gari la abiria ungekuwa umebanwa kati ya mkungu wa ndizi na dirisha lisilofunguka.

Tena, mke na mume wenye watoto wanne hawana mahali pengi pa kuwa wawili tu. Sisi tulipata mahali hapo juu ya kiti cha pikipiki. Mambo ya ada, ya mashamba, hata ya kuombana msamaha, tuliyazungumza njiani. Anayewaambia vijana kwamba pikipiki haina raha yoyote hatasikilizwa, maana wao wenyewe wanajua kwamba si kweli.

Jioni ile ya mvua

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Saa moja usiku baba hajafika. Saa mbili simu yake inaita tu, haipokelewi. Watoto wamekula, sahani ya baba imefunikwa mezani. Mama uliyewahi kuitazama sahani iliyofunikwa usiku wa mvua, huhitaji kuelezwa zaidi.

Saa tatu kasoro kijana mmoja wa bodaboda akapiga hodi, amelowa chapachapa. “Shikamoo mama. Usiogope. Mzee yuko hospitali, lakini anaongea.”

Hapakuwa na lori wala ulevi. Hakuwa hata na mwendo wa kasi. Maji ya mvua yalikuwa yameshusha tope kutoka shambani, likatandaa juu ya lami kwenye kona. Tairi la mbele liliteleza, akaanguka. Mkono wa kulia ulivunjika, na kofia yake ngumu ilikuwa na ufa mrefu kama kidole, hapo juu ya sikio.

Alifungwa plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, kwa wiki sita. Fundi bila mkono wa kulia ni fundi gani? Wateja walitafuta mtu mwingine. Mbuzi wawili waliuzwa, na ada ya muhula ilichelewa hata hivyo. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yetu mkubwa alimfunga baba yake vifungo vya shati. Hapo tulijifunza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri siku ya kununua pikipiki: raha ni ya yule aliyepanda, lakini gharama inalipwa na nyumba nzima.

Lakini lililotuuma zaidi lilikuwa lingine. Kofia ile iliyopasuka ndiyo ilikuwa kofia pekee nyumbani. Na kila Jumapili tulikwenda kanisani hivi: mtoto mdogo juu ya tangi, baba nyuma yake, mwingine katikati, mama nyuma kabisa amekaa upande. Mishkaki, kama watu wanavyosema. Vichwa vinne, kofia moja. Majirani walitupungia mkono, nasi tuliwapungia, tukijiona familia yenye baraka.

“Ajali haina kinga”

Karibu kila mtu aliyekuja kutupa pole alisema maneno hayo. Wengine waliongeza kwamba Mungu ndiye mlinzi, mambo ya kofia ni ya wanadamu. Maneno yalikuwa ya upendo, nasi tuliyapokea. Hata hivyo, katika Kumbukumbu la Torati mwenye kujenga nyumba mpya aliagizwa aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke kutoka huko. Kuweka ukingo hakukuhesabiwa kuwa ni upungufu wa imani. Pengine ajali haina kinga. Kichwa kinayo.

Hata hiyo kinga ina historia yake, nayo ilianza na msiba. Thomas Edward Lawrence, Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Arabuni, alikuwa mpenzi mkubwa wa pikipiki na mwendo wa kasi. Tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake huko Dorset, aliwakuta ghafla wavulana wawili wakiendesha baiskeli. Aliwakwepa, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Alifariki siku sita baadaye akiwa na umri wa miaka 46.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia aliitwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Alianza kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki, hasa askari waliopeleka barua za jeshi wakati wa vita, na mwaka 1941 alichapisha uchunguzi wake ukionyesha umuhimu wa kofia ngumu. Jeshi la Uingereza likawaagiza wapanda pikipiki wake wavae. Kwa raia wote wa nchi ile, sheria ilikuja mwaka 1973. Tangu kifo cha Lawrence ilikuwa imepita miaka 38. Sisi tulikuwa na hekima hiyo yote dukani Moshi mjini, nasi tukanunua kofia moja.

Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya mpanda pikipiki kufa ajalini kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mama, zitazame hesabu hizo kwa pande zote mbili. Ni kinga kubwa, lakini si kinga kamili. Anayevaa kofia kisha akakimbia kama mshale hajaelewa.

Hatari inatoka wapi?

Kwanza ni mwendo. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita kama mita 17 kila sekunde. Kufumba na kufumbua, imeshapita urefu wa nyumba. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayohitajika ili breki zisimamishe chombo huongezeka kama mara nne. Na kujigonga kwenye kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kama ghorofa ya tatu. Mwenye gari ana bati, mkanda na kiti mbele ya kifua chake. Mpanda pikipiki ana shati.

Pili ni kutoonekana. Pale Himo njia zinagawanyika, malori ya kwenda Holili upande huu, mabasi ya Dar es Salaam upande ule. Dereva wa lori aliyekaa juu haoni kirahisi chombo chembamba kilicho ubavuni mwake, tena jioni. Taa iwashwe hata mchana, na koti linalong’aa livaliwe.

Tatu ni sisi wenyewe tunaopakiwa. Kanga na mitandio mirefu hunaswa na gurudumu au mnyororo. Kukaa upande humfanya abiria ashindwe kujishika vizuri, na dereva hupata taabu kusawazisha chombo. Tunajua akina mama wengi wanaona haya kukaa kiume. Vaa suruali ndani ya gauni pana, haya itaisha. Wengi tuna kovu la ekzosi mguuni. Basi uliza bomba liko upande gani kabla hujashuka. Na yule anayekataa kofia kwa sababu amesuka nywele jana, au kwa sababu kofia ya bodaboda imevaliwa na watu mia? Tia kitambaa safi kichwani, kisha vaa kofia juu yake na ufunge mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla yako.

Nne ni pombe, usingizi na giza. Hapo hakuna haja ya maelezo marefu.

Tulivyopima

Hogo lilipofunguliwa tuliketi, baba, mama na watoto wakubwa. Swali lilikuwa moja: tuiuze au tubaki nayo? Upande mmoja wa mzani tuliweka kofia iliyopasuka. Upande mwingine tuliweka chakula cha jioni na baba, wateja wa Mwika ambako magari ni machache, na usiku ule mtoto wetu mdogo alipobanwa na pumu, pikipiki ikatufikisha zahanati mapema.

Tuliamua kubaki nayo, kwa masharti tuliyokubaliana wote:

Hakuna mtu atakayepanda bila kofia iliyofungwa, hata kwenda dukani. Kofia iliyokwisha kugongwa hairudi kichwani, maana uzito wa pigo umeshalika ndani yake hata kama nje inaonekana nzima.

Abiria ni mmoja tu. Mtoto asiyefikisha miguu kwenye vikanyagio hapandi. Jumapili tunatembea kwa miguu au tunapanda gari.

Mvua ikinyesha, baba analala kwa mteja au anasubiri ikatike, na anapiga simu. Sisi tunaomngoja hatumlaumu kwa kuchelewa. Sharti hili ni letu, akina mama. Mara ngapi tumewanunia waume zetu kwa kuchelewa nusu saa, nao wakakimbiza pikipiki ili kukwepa maneno yetu?

Breki, tairi na taa hukaguliwa kila Jumamosi, na fedha ya fundi hutengwa kabla ya fedha ya mafuta.

Nyumba nyingine ikipima na kuona iuze pikipiki yake, tusiicheke. Nao wamepima.

Kijana wetu naye

Sasa limekuja la pili. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 19, amemaliza kidato cha sita, na anataka kuanza bodaboda wakati anasubiri kwenda chuo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ukisoma maneno hayo huku mwanao amelala chumba cha pili, moyo unataka kusema hapana, basi.

Tulipoanza kusema hapana, yeye akauliza kwa adabu: “Mama, mbona baba anapanda?”

Lilikuwa swali la haki. Tungekataa bila kujibu, angejifunza kwa rafiki zake uwanjani, kwa siri, bila kofia. Tukamwambia kwamba baba anapanda kwa masharti, na kwamba masharti hayo ni yake pia. Tukaongeza mawili: kwanza shule ya udereva na leseni yake mwenyewe, na kwa mwaka wa kwanza hakuna kazi ya usiku. Abiria akimwambia “kimbiza, nimechelewa,” ajibu kwamba atamfikisha, lakini hatamkimbiza. Alikubali. Ameshaanza masomo ya udereva, nasi hatujaacha kuogopa. Hatuoni aibu kuwaambia hivyo.

Mama msomaji, huenda kwako pikipiki ni ya mume, ya mwana, au ni wewe mwenyewe unayeiendesha kupeleka mboga sokoni. Msingoje hogo ndipo mkutane kuzungumza. Leo jioni, baada ya chakula, hesabuni vichwa vinavyopanda pikipiki, kisha hesabuni kofia.

Nyuma ya mlango wetu siku hizi kuna misumari mitatu. Kila kofia ina msumari wake. Alfajiri, baba akishaondoka, tunatazama pale kabla ya kuwasha jiko. Msumari wake ukiwa mtupu, tunaendelea na kazi.