Zulia katika chumba cha chini: Adui ni maji, si kukosa msumari

UKISIMAMA mpakani Rusumo asubuhi, hutakosa kuyaona mabunda ya mazulia yamelazwa juu ya basi au yamesimamishwa nyuma ya fuso. Mengi yametoka Kariakoo, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,500 hadi Kigali. Wanaoyavusha ni wachuuzi wadogo, na wanaoyanunua ni hasa watu waliorudi nyumbani baada ya miaka mingi ugenini, ambao huko walikokuwa walizoea kuona sebule imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Wakishafika na bunda lao (wengine hapa huliita tapi), swali ni lile lile: litashikwaje kwenye sakafu ya simenti? Mafundi wengi hujibu haraka kwamba litapigiliwa misumari pembeni. Nimefuatilia jambo hili kwa miezi kadhaa, nikazungumza na mafundi na wauzaji, na nikapiga magoti mwenyewe kusaidia kazi moja Nyamirambo. Ninachoweza kusema ni kwamba msumari ndiyo ushauri mbaya kuliko yote, na nyumba zetu za milimani zinauadhibu zaidi.

Kigali, kama Bukavu na kama vitongoji vya juu vya Bujumbura, imejengwa juu ya miteremko. Nyumba nyingi zina mlango wa mbele usawa wa barabara, na ukishuka ngazi kwa nyuma unakuta chumba kilichochimbwa ubavuni mwa mlima. Ukuta wake mmoja umeegemea udongo. Sakafu yake ni zege lililomwagwa juu ya mawe na kifusi, bila mbao wala nafasi ya hewa chini yake. Chumba hicho ndicho hupewa wageni, mpangaji, stoo ya biashara, au mzee asiyeweza tena kupanda ngazi.

Msumari wa kawaida hupinda juu ya zege. Msumari wa chuma kigumu huingia, lakini hupasua lipu ya juu na kuacha vipande vinavyocheza. Kama mjenzi alikuwa mwangalifu akaweka nailoni chini ya lipu ili kuzuia maji yasipande, kila msumari unaopita hapo ni tundu jipya. Kama kuna bomba au waya uliozikwa sakafuni, hatari yake haihitaji maelezo. Hata ukinusurika na yote hayo, chuma kilichokaa kwenye unyevu hushika kutu, na kutu hupanda kwenye nyuzi za zulia na kuacha madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote.

Kazi ya Nyamirambo niliyoitaja ilikuwa ya mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania, ambaye sasa anaishi kwa kuvuka Rusumo na vitenge na vyombo vya plastiki. Baba yake ana umri mkubwa na kifua kibovu, naye analala chumba cha chini kwa sababu ndicho chenye mlango ulio usawa na njia ya kwenda msikitini. Sakafu ilikuwa ikimpa baridi miguuni usiku kucha. Mama huyo aliweka akiba karibu mwaka mzima, akanunua zulia Kariakoo, akalisindikiza mwenyewe hadi nyumbani. Ilikuwa mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea.

Fundi aliyeitwa alijifunza kazi hiyo kwenye hoteli za Nairobi. Hakufungua bunda. Aliomba kipande cha shitingi, ile nailoni nzito ambayo wengi wa wasomaji wangu waliishi chini yake kambini, akakata vipande vinne vya kama nusu mita kila upande. Alivibandika sakafuni kwa tepu pande zote nne, pasibaki mwanya: kimoja katikati, kimoja mlangoni, viwili kando ya ukuta wa mlimani. Kisha akaaga na kusema atarudi baada ya siku mbili.

Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ningependa kila mtu akijue kabla ya kutoa pesa ya zulia. Ukifunua nailoni ukakuta matone upande wa chini, au simenti imegeuka nyeusi, maji yanatoka ndani ya sakafu. Ukikuta matone upande wa juu huku chini ni pakavu, maji hayo ni ya hewani: hewa yenye joto na unyevu imekutana na sakafu ya baridi. Dawa za hali hizi mbili si moja. Ya pili huhitaji dirisha lifunguliwe na hewa ipite. Ya kwanza huhitaji jembe.

Vipande viwili vya ukuta wa mlimani vilitoka vikidondosha maji. Cha katikati kilikuwa na ukungu kidogo, cha mlangoni kilikuwa kikavu.

"Fundi, tapi nimelitoa Dar nikilala juu yake ndani ya basi, leo unaniambia nisubiri?" mama aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Mama, zege hili linakunywa maji. Nikilitandika leo utanilipa na kunishukuru. Mwezi wa sita utanitukana, na Mzee atakuwa amelala juu ya ukungu miezi miwili."

Mama huyo alikasirika, nami sikumlaumu. Kwa mtu aliyehesabu kila noti, kuona bunda limesimama kona ya sebule kwa miezi ni kama kudaiwa. Lakini fundi aliyekataa malipo ya siku hiyo alikuwa anamwambia ukweli. Kuvu hupenda sehemu yenye giza, unyevu na vumbi, na chini ya zulia lililolowa hupata vyote vitatu. Mwenye kifua kibovu ndiye wa kwanza kuumia.

Kazi iliyofuata haikuhusu zulia hata kidogo. Nyuma ya ukuta wa mlimani, maji ya bati yalikuwa yakianguka moja kwa moja chini na kuzama udongoni. Vijana wawili walichimba mtaro kando ya ukuta huo, ukashuka chini kuliko usawa wa sakafu ya ndani, wakalaza bomba lenye matundu na kulifunika kwa kokoto, mwisho wake ukitokea bondeni. Mfereji wa bati ulifungwa na kuelekezwa mbali. Udongo wa juu ulipangwa uiname kutoka ukutani. Baada ya hapo ilibaki kusubiri kiangazi, ambacho huku kwetu huanza Juni na kufika Septemba.

Mwenye nyumba mpya naye asiharakishe. Zege hupata nguvu zake ndani ya siku 28, lakini kukauka ni hesabu nyingine. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila sentimeta mbili na nusu za unene, kama hali ya hewa ni nzuri. Sakafu ya sentimeta kumi inataka takriban miezi minne. Watu huingia mwezi wa pili, wakatandika, wakashangaa harufu.

Wakati bunda lile likisubiri nilipita kwa wauzaji, maana mchuuzi anayenunua Dar anapaswa kujua anabeba nini. Geuza zulia uangalie mgongo wake. Ukiona kitambaa cha kahawia kama gunia, hiyo ni juti. Hunywa maji, huoza na hunywea, hivyo isishuke kabisa chumba cha chini. Wavu mweupe wa plastiki haudhuriki na unyevu. Mgongo wa sponji ni laini mguuni, lakini hufyonza maji kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Kama muuzaji anasema ni sufi na bei yake inakutia shaka, chomoa uzi mmoja, toka nje ya duka na uuchome. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua. Nyuzi za plastiki huyeyuka, na harufu yake ni ya mshumaa. Kwa chumba cha chini chagua hizo za plastiki, hata kama shangazi yako atakucheka.

Zulia likunjwe kwa kuviringishwa, lisipindwe katikati kama shuka, kwa sababu mgongo hupasuka na mstari ule hautaondoka. Na hapa kuna jambo linalowaletea wachuuzi ugomvi usio wa lazima forodhani. Hati rahisi ya uasili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mizigo isiyozidi dola 2,000, ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi za Jumuiya. Zulia la Uturuki au China halipati uasili wa Tanzania kwa sababu tu limenunuliwa Kariakoo. Litatozwa ushuru wake, basi uuingize katika hesabu kabla ya kupanda basi. Tena, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya nailoni mwaka 2008, na maofisa ni wakali. Nailoni inayofunika bunda, uliza kwanza.

Mwezi Agosti fundi alirudi na kupima upya. Vipande vitatu vilikuwa vikavu kabisa. Kimoja, kilichokuwa karibu na kona ya mlimani, kilionyesha weusi hafifu ukutani kabisa, upana wa kiganja.

Hapo ndipo uchaguzi wa namna ya kushika zulia ulipofanyika. Njia ziko kadhaa. Ya kwanza ni kupaka gundi sakafu nzima. Linashika kweli kweli, na kwa ofisi yenye miguu mingi ni sawa, lakini maji yakirudi huwezi kulifunua bila kulirarua. Gundi kali ya mpira, ambayo hapa wengi huiita kole, ina mvuke unaolewesha na unaoshika moto. Katika chumba chenye dirisha moja isitumike mtu akiwa amelala humo, wala jiko la mkaa lisiwe karibu.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kwa sakafu iliyo kavu kabisa. Kuna vibao vyembamba, upana kama sentimeta mbili na nusu, vyenye meno madogo ya chuma yaliyoinama. Vibao hivyo huja na misumari yake. Kwenye zege misumari hiyo hung'olewa, na kibao hubandikwa kwa gundi ya ujenzi, meno yakiutazama ukuta, huku ukiachwa mwanya mdogo kuliko unene wa zulia. Gundi huachwa ikauke siku nzima. Kisha zulia hunyooshwa kwa kusukumwa na goti hadi linase kwenye meno, na ukingo wake huingizwa mwanyani. Linakaza kama ngoma. Vibao hivi ni adimu kwenye maduka yetu; mchuuzi mwenye macho angeweza kubeba bunda moja ajaribu soko.

Njia ya tatu ni tepu yenye gundi pande mbili, mlangoni na kwenye maungio tu. Ya nne ni kutandika huru, zulia likishikwa na uzito wake na samani.

Kwa sababu ya ule weusi wa kona, fundi alichanganya hizo mbili za mwisho. Kwanza alipiga sakafu brashi kavu kuondoa unga mweupe wa chumvi ambao maji huuacha yakikauka. Kuiosha kungeirudishia maji yale yale. Alijaza nyufa, akafagia mara mbili. Tulilifungua zulia na kuliacha usiku mzima lilale, kwa maana zulia lililokaa bunda miezi minne lina kumbukumbu ya kuviringika. Asubuhi alilikata kwa kisu chenye ncha mpya, pembeni akibakisha nafasi ya kidole. Upande wa mlimani hakulifikisha ukutani. Aliacha ukanda wa simenti tupu wa sentimeta 40, akashona ukingo wa zulia usifumuke, na kuubandika kwa tepu. Mlangoni aliweka tepu pia ili Mzee asijikwae. Kitanda na kabati vilifanya kazi iliyobaki.

Mama aliutazama ule ukanda na kusema chumba kimekuwa kama suruali fupi. Fundi alimjibu kwamba ukanda ule ndio dirisha la sakafu: maji yakija yataonekana hapo kwanza, na hewa itayakausha kabla hayajafika kwenye nyuzi. Kazi yote ilichukua chini ya siku moja, bila nyundo kutolewa kwenye mfuko.

Mvua za vuli zilipoanza nilipita tena kumjulia hali Mzee. Ukanda ulikuwa umegeuka mweusi ukutani, si zaidi ya upana wa vidole vitatu. Fundi alikuwa ameagiza ukingo wa zulia ufunuliwe kila baada ya mvua kubwa, na kazi hiyo Mzee ameichukua mwenyewe: huuinua kwa ncha ya bakora, huinama kunusa, kisha huushusha. Siku niliyofika chini yake palikuwa pakavu, na vumbi la simenti lilibaki mkononi mwangu.