Walifanya kazi juu, wakakataa kulala juu

Mu Congo yetu hakuna jiwe linalopita Ruwenzori. Kichwa cha Margherita kiko kwenye metre 5 109, na yule anayefika pale anapiga picha, anatetemeka, anashuka. Hakuna anayejenga nyumba. Sasa tunawaomba, ndugu wa kazi na mama wa nyumba, mufikiri kambi ya wafanyakazi iliyokaa kwenye metre 5 300 na kitu, juu kuliko Congo yote, na watu wake kila asubuhi wanatoka kupanda tena juu zaidi kwenda kuanza kazi. Kambi hiyo ilikuwako kweli. Iliitwa Quilcha, kule kaskazini ya Chile, karibu na mpaka wa Bolivia, ku mulima wa moto wenye jina la Aucanquilcha.

Siku hizi wanaokwenda mu ile inchi ni watu wa hema: watalii wenye mizigo mugongoni, wanaotoa pesa yao wenyewe kwenda kulala ku baridi. Mutu aliyezaliwa mu kambi anacheka kidogo akisikia hivyo, tunajua, na sisi tulicheka. Lakini sheria kubwa ya hao watu wa hema, ile inayowarudisha nyumbani wazima, wachimba-salfa wa Quilcha walikuwa wanaifuata zamani, bila kuisoma mu buku lolote.

Tuanze na inchi yenyewe. Ukisema jangwa, wengi wanaona mchanga na joto. Hili la Atacama, upande wa juu, ni jangwa la baridi. Chini ni majivu na mawe mekundu na meusi. Mu mabonde kuna chumvi nyeupe imetandwa sawa ziwa lililokauka. Na volkano zimesimama mustari, moja nyuma ya ingine. Ile ya Ollagüe, metre 5 868, mpaka leo inatoa mvuke. Aucanquilcha inaipita, inafika 6 176. Mvua ni haba sana. Kidogo inayokuja, inakuja mu Januari na Februari kutoka upande wa Bolivia, na kule juu inaanguka kama theluji. Mchana jua linachoma ngozi mpaka inabambuka. Usiku, maji ndani ya chupa yanakuwa jiwe.

Miti hakuna. Kuna paka mumea mumoja wa ajabu, llareta, wa rangi ya kijani, mugumu, unaolala juu ya mawe sawa mto wa kitanda. Mwaka muzima haukui hata centimetre mbili. Una utomvu unaowaka vizuri, na kwa hiyo watu waliukata miaka na miaka, wakapikia salfa na kupashia nyumba moto, mpaka pahali pengi ukabaki kidogo tu. Wale wanaoona namna miti inavyokimbia mbali na Lubumbashi juu ya makala hawana lazima tuwaeleze zaidi.

Kwa nini kwenda kutafuta kazi mu pahali kama pale? Juu ya salfa. Volkano inapumua mvuke wa salfa, mvuke unapoa mu nyufa za mawe, salfa inaganda pale pale, ya manjano, safi karibu kabisa. Watu wetu wa usine wanaijua: ile inayokuja na kamyo kutoka mbali, inachomwa, inatoa asidi ya kuyeyusha mukuba. Mine ya Aucanquilcha ilifunguliwa mu 1913. Mwanzoni salfa ilishuka mugongoni mwa llama, ile nyama ya kule inayofanana na ngamia mudogo bila nundu. Kiisha ikashuka mu ndoo zilizotundikwa ku kamba ya chuma. Mwishoni wakapasua barabara na kamyo zikapanda karibu na metre 5 900.

Na mukuba wenyewe hauko mbali. Chuquicamata, shimo kubwa ambalo kila mutu wa mine duniani amelisikia, liko mu jimbo lile lile, kwenye metre 2 800 hivi. Mukuba wa kule ni mutoto wa volkano: maji ya moto chini ya milima ya moto ya zamani ndiyo yaliyoubeba na kuuacha mu mawe. Wa kwetu wa Katanga haukuja hivyo. Umelala mu mawe yaliyojitandika polepole chini ya maji ya bahari ya kale. Njo maana sisi tunachimba mu inchi ya vilima vya kawaida, na wenzetu wanachimba mu mawingu.

Mu 1935 wataalamu wa mwili wa mutu, kutoka Marekani, Uingereza na Denmark, walifika pale. Mukubwa wao alikuwa David Bruce Dill wa Harvard. Kati yao mulikuwa Ancel Keys, aliyekuja kujulikana sana baadaye kwa habari za chakula na moyo. Walitaka kujua mutu anaweza kuishi juu mpaka wapi. Walichagua Chile kwa sababu njia ya treni ilikuwa inapanda pole pole mpaka juu kabisa, na masheni zao za kupima damu na pumzi zilisafiri ndani ya treni. Walikaa Chuquicamata, kisha Ollagüe, kwenye 3 660, kisha Montt, 4 700, kisha kambi ya Quilcha, 5 340. Mwishoni wamoja wao wakapiga hema karibu na kichwa cha Aucanquilcha, kwenye metre 6 140, wakalala mule siku kadhaa.

Ni juu ya hao watu wa hema na majirani wao wa mine ndiyo tunaandika. Wataalamu walikuwa na blanketi nzuri, chakula kizuri, vitabu. Pamoja na hayo walikosa hamu ya kula, usingizi uliwakimbia, hesabu ndogo iliwachukua wakati murefu, na hasira ilikuwa karibu. Na pembeni yao kila siku walikuwa wanaona wachimba-salfa wanafanya kazi ya sururu na nyundo kwenye metre 5 800, kazi ambayo mugeni angeifanya dakika tano akaanguka chini kutafuta pumzi.

Sasa sikieni. Wakubwa wa mine walikuwa wameona hasara: kutoka Quilcha mpaka pahali pa kazi, wafanyakazi walipanda metre 450 hivi kwa miguu kila siku. Wakubwa wakafikiri vile wakubwa wanavyofikiri. Wakajenga kambi ingine juu zaidi, kwenye 5 600 hivi, karibu na kazi, ili watu wasipoteze nguvu njiani. Ku kartasi ilikuwa mupango muzuri. Wafanyakazi wakaijaribu, wakaikataa. Walisema kule juu chakula hakipiti, mwili unakonda, usingizi hauji. Wakarudi Quilcha, wakaendelea kupanda kila asubuhi na kushuka kila jioni. Keys aliiandika ile habari, na tangu wakati ule inarudi mu vitabu vya madaktari: mutu anaweza kufanya kazi juu ya pale anapoweza kulala.

Kwa nini kulala ndiyo shida, wakati kulala ni kupumzika? Tueleze kidogo. Hewa ya juu ina oksijeni sehemu ile ile kama ya chini, 21 ku 100. Kinachopungua ni uzito wa hewa: kwenye metre 5 500 imebaki karibu nusu ya ile ya ukingo wa bahari. Mchana mutu anajitetea, anapumua kwa nguvu na haraka. Akisinzia, mwili unalegeza pumzi, na oksijeni mu damu inashuka kuliko mchana. Mutu anapumua mbio mbio, kisha pumzi inasimama kabisa, sekunde kumi au zaidi, kisha anashtuka sawa mutu aliyetolewa mu maji. Yule anayelala naye mu hema moja anakaa macho akihesabu, akifikiri mwenzake amekwenda. Usiku wa kwanza hiyo ni kawaida kwa mugeni na haiui. Lakini mwili usiopumzika usiku, asubuhi haujalipwa. Siku kumi vile, na mutu amekuwa kivuli.

Mwili unajifunza, kweli. Unatengeneza damu nyekundu zaidi, na wiki zikipita mutu anapata nguvu. Ila kupita metre 5 500 hivi watu wengi wanaendelea kukonda hata wakikaa muda murefu. Muji wa juu kuliko yote duniani leo, La Rinconada ya Peru, uko kwenye 5 100 hivi, na tena ni muji wa wachimba-dhahabu. Tusifiche kwamba mu miaka ya 1980 daktari John West aliwakuta walinzi wachache wanaolala palepale ku mine ya Aucanquilcha, kwenye 5 950. Kuna miili ya namna hiyo, lakini ni michache.

Watu wa hema wa leo wameifanya sheria: panda juu mchana, shuka kulala. Ukipita metre 3 000, pahali pa kulala pasipande zaidi ya metre 500 kwa usiku mumoja, na kila siku tatu au nne upumzike moja. Kichwa kikiuma na tumbo likikataa chakula, usipande tena, ngoja. Mutu akianza kutembea kama mulevi bila kunywa, akisema maneno yasiyoshikana, au akikosa pumzi hata amekaa, na kikohozi chenye povu, hapo hakuna kungoja asubuhi: maji yanaingia mu ubongo au mu mapafu, na dawa ya kwanza ni kumushusha, hata usiku, hata kwa mugongo. Wanaokufa mara nyingi ni vijana wenye nguvu, wale wanaoona haya kusema: "Kichwa inauma, tungojee kidogo." Na sisi tunaijua hiyo haya, iko mingi hata chini ya udongo.

Mumoja wetu alilala usiku mumoja ku ukingo wa Nyiragongo, mbele ya Goma, kwenye metre 3 470, mu kibanda cha watalii. Moto wa volkano ulikuwa chini yake, na yeye alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Anasema hakulala hata saa moja. Tukimwambia ongeza juu metre 2 670 ili ufike ku lile hema la 1935, anaondoka.

Hema lenyewe kule halisimami kama mu picha. Vijiti vya kufungia havishiki mu majivu. Kamba zinafungwa ku mawe makubwa, na mutu anajenga kaukuta ka mawe upande wa upepo. Pumzi ya walalaji inaganda ndani ya kitambaa, na asubuhi inawaangukia sawa theluji. Chupa ya maji na viatu vinalala pamoja na mutu ndani ya blanketi. Kupika ni taabu: kwenye metre 6 000 maji yanachemka karibu ku digrii 80, maharagi yanaweza kukaa ku moto muchana kutwa na bado yanagonga meno. Mama wa bukari hapo angevunja muiko.

Na baridi ile inaleta kishawishi kimoja: kuingiza jiko mu hema na kufunga mulango. Watu wamekufa hivyo ku milima mingi, wamelala tu, bila alama. Ni gesi ile ile inayotoka ku mbabula ya makala mu chumba kilichofungwa mu Juni na Julai kwetu, na ile ile inayotoka ku mashine ya kuvuta maji iliyoshushwa mu shimo la wachimbaji. Haina harufu. Hema kwenye volkano ya Chile na nyumba ya Kolwezi, hapo hazina tofauti.

Mine kubwa za juu zimechukua somo la Quilcha. Ku Collahuasi, mine ya mukuba iliyo mu milima ile ile, kazi iko kwenye metre 4 500 hivi, lakini nyumba za kulala zilijengwa chini yake, kwenye 3 800 hivi. John West alikwenda mbele zaidi, akashauri kuongeza oksijeni kidogo mu vyumba vya kulala. Hesabu ya basi la kupandisha na kushusha watu kila siku ni kubwa, na hapa nasi tunasema wazi: afadhali hesabu ya basi.

Mine ya salfa yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Quilcha hakuna mutu tena. Mu miaka ya 1970 jeshi la Chile lilitega mabomu chini ya udongo upande wa mpaka, na watu wa hema waliambiwa wasiache njia. Kazi ya kuyatoa ilimalizika mu 2020. Sasa wanaokwenda Aucanquilcha wanakaa kwanza siku kadhaa Ollagüe, karibu na njia ya treni, wakizoea. Kisha wanapanda mchana kwa barabara ya kamyo za zamani, ambayo mawe yameanza kuila, wanaokota kipande cha salfa cha manjano, wanakinusa, na mbele ya jua kuingia wanashuka kulala.