Manowari London na Kontua za Usambara

Mwanafunzi wa Lushoto asomaye ramani ya Usambara hujua kwamba mistari ya kontua ikibanana, hapo pana mteremko mkali, kama pale Irente ambapo genge huporomoka hadi tambarare ya Mazinde. Ikiachana, mteremko ni wa taratibu. Ujuzi huo wamsaidia pia kusoma mchoro wa manowari ya matanga.

Mfano mmoja ni manowari ya Kiingereza London, iliyoshushwa majini huko Chatham mwaka 1840, yenye mizinga ipatayo 90 na urefu wa mita 62 hivi. Kwa skeli ya 1:48, waliyoizoea wachoraji wa manowari wa Kiingereza, urefu huo hutoshea katika mita 1.3 za karatasi.

Mchoro una sura tatu. Ya kwanza ni ya ubavuni. Ya pili hutazamwa kutoka juu, nayo huonyesha nusu moja tu ya chombo, kwa kuwa nusu nyingine ni sawasawa nayo. Mistari yake hupatikana kwa kulikata umbo la meli kiulalo, kila kimo baada ya nafasi iliyo sawa. Ni kontua hasa! Katikati ya meli mistari hiyo hubanana, maana ubavu umesimama kama ukuta. Kuelekea tezi, chini ya maji, huachana, maana hapo umbo limepunguzwa ili maji yaufikie usukani bila msukosuko. Sura ya tatu ni ya mataruma: kulia ya omo, kushoto ya tezi. Nukta yoyote sharti ipatane katika sura zote tatu. Isipopatana, kosa husahihishwa kwa kifutio kabla ya kuhitaji shoka. Mafundi wengi wa majahazi hulifikia lengo hilo kwa jicho na uzoefu, bila karatasi.

Mwaka 1858 London ilitiwa injini ya mvuke. Kisha, baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, ililetwa Unguja mwaka 1874 iwe kituo cha doria. Usambara ilihusika: baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai katika miaka ya 1860, vita vya kurithi vilizuka, na mateka wengi waliteremshwa pwani kuuzwa, Pangani ikiwa mojawapo ya bandari.

Lakini chombo chenye tumbo kubwa kama lile kisingeweza kuingia katika vijito vya mikoko vya Pemba. Walitumwa mabaharia katika mashua ndogo. Katika mojawapo, Desemba 1881, Kapteni Brownrigg aliuawa akijaribu kulikagua jahazi. Mwaka 1884 London iliuzwa, ikavunjwa papo hapo Unguja.